Istilahi za Tairi: Kulitaja na Kulichagua Tairi la Matumizi ya Kila Siku

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, istilahi za sheria, za utawala na za sayansi zimeshughulikiwa kwa bidii. Msamiati wa barabarani na wa gereji haukupata bahati hiyo kwa kiasi kile kile. Sababu moja ni kwamba mafundi na madereva hawakungoja. Walijiundia maneno yao, mengine mazuri sana, wakaendelea na kazi. Sababu ya pili ni dhana kwamba mambo ya gereji hayawahusu watu wa kalamu. Dhana hiyo si sahihi. Tairi la gari la umma hununuliwa kwa hati iliyoandikwa na mtumishi wa serikali. Maelezo yanayokuja nalo hufasiriwa na mfasiri. Kani, msuguano na kanieneo, ambavyo kwavyo tairi hufanya kazi, hufundishwa na mwalimu darasani. Wote watatu wakikosa maneno ya hakika, atakayeumia ni abiria.

Makala haya yana makusudi mawili. Kwanza, kueleza jinsi tairi la gari dogo linavyosomwa na linavyochaguliwa kwa matumizi ya kila siku, hasa tairi lile linalosifiwa na wauzaji kwa mwendo na kwa kushika barabara. Pili, kupendekeza istilahi zitakazowezesha jambo hilo kuandikwa kwa Kiswahili bila utata. Msimamo wetu ni kwamba tairi lipewe jina la kazi linayoifanya, wala lisipewe jina la sifa ambayo mwuzaji angependa iaminiwe.

Mahali pa mfano wetu

Mifano tumeichukua Mnero, katika sehemu za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, mahali panapojulikana kwa misheni ya Wabenediktini na hospitali yake. Si kwamba Mnero pana matairi ya pekee. Pana hali waliyo nayo Watanzania wengi: gari moja, seti moja ya matairi, na barabara za aina mbili. Mwalimu au mganga aliyeko huko hupita siku nyingi kwenye udongo na changarawe, kisha mara moja moja hushika lami ndefu kwenda Lindi, hata Dar es Salaam. Wakati wa kiangazi barabara ya udongo huwa vumbi na changarawe iliyolegea. Mvua, ambazo huko huja kwa msimu mmoja kuanzia kama Desemba hadi Aprili, huigeuza kuwa tope na makorongo, na magari ya mizigo huyazidisha.

Nchi hiyo ina uhusiano wa zamani na mpira. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, utomvu wa mimea itambaayo ya jamii ya mbungo ulikusanywa katika bara ya Kilwa na Lindi, ukapelekwa pwani kuuzwa ng'ambo. Mahitaji yake yaliongezeka baada ya mwaka 1888, John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo huko Belfast. Baadaye mpira huo ulirudi ukiwa tairi. Mradi wa karanga ulioingia Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940 uliletewa reli. Mradi ukashindwa, na reli ikafungwa mwaka 1962. Tangu hapo korosho zinazotoka na dawa zinazoingia zimetegemea barabara, yaani zimetegemea tairi.

Kwa miaka mingi wanunuzi wa Tanzania waliyajua matairi ya kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969. Kiwanda hicho kilisimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Huko Nairobi, kiwanda kilichoanza kwa jina la Firestone, na ambacho baadaye kilitoa matairi ya Yana, kiliacha utengenezaji mwaka 2016. Hivi sasa matairi huletwa kutoka nchi nyingi kwa majina mengi yasiyozoeleka, na magari yaliyotumika Japani hufika yakiwa na matairi yake. Zamani mnunuzi aliweza kulitegemea jina la kiwanda. Siku hizi hana budi kuusoma ubavu wa tairi lenyewe.

Gurudumu, ringi, tairi na mpira

Maneno haya manne hutumiwa ovyo katika hati. Dereva akisema "badilisha tairi" njiani, maana yake ni kuondoa gurudumu zima na kuweka lile la akiba. Hakuna atakayekosea, kwa kuwa kitu kipo mbele ya macho. Lakini hati ya manunuzi ikisema "magurudumu manne mapya", mwuzaji ana haki ya kuleta matairi pamoja na ringi zake na kudai bei ya vyote.

Twapendekeza gurudumu liwe jina la kitu kizima kinachozunguka. Ringi iwe ile sehemu ya chuma au ya alumini inayofungwa kwenye gari kwa nati. Neno hili limeenea kote nchini na halina sababu ya kuondolewa. Tairi liwe ile sehemu ya mpira inayovishwa kwenye ringi. Mpira libaki kuwa jina la mali yenyewe, yaani kitu ambacho tairi limetengenezwa kwacho. Kusema "mpira wa gari" kwa maana ya tairi ni Kiswahili halali cha mazungumzo, lakini katika maandishi ya kitaalamu kunaleta mchanganyiko, kwa sababu tunahitaji kusema kwamba tairi moja lina mpira laini na jingine lina mpira mgumu.

Ndani ya mpira mna nyuzi, za nailoni au za aina nyingine, na chini ya uso mna mikanda ya waya. Katika matairi ya zamani nyuzi zilipita kwa mshazari kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, tabaka moja likilikata jingine. Katika matairi ambayo kampuni ya Michelin iliyatangaza baada ya Vita Kuu ya Pili, nyuzi hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, kama mstari unaotoka kitovuni mwa duara. Aina ya kwanza twaweza kuiita tairi mshazari, neno ambalo wanafunzi wanalifahamu. Aina ya pili tumeiita tairi radiali, kwa kuufuata mzizi uliomo katika herufi R iliyochapwa ubavuni. Magari madogo ya leo huvaa radiali. Mshazari bado huonekana kwenye matrekta na matela. Aina hizi mbili zisichanganywe katika ekseli moja, kwa kuwa hujikunja kwa namna tofauti na gari huvutwa upande.

Kashata na kipara

Sehemu ya tairi inayogusa barabara ina vipande vilivyoinuka na mifereji kati yake. Mafundi wengi huviita vipande hivyo kashata. Ulinganifu wake uko wazi kwa yeyote aliyemwona mama akiimimina kashata ya karanga au ya nazi katika sinia na kuikata kabla haijapoa. Tairi ambalo kashata zake zimekwisha huitwa kipara.

Kuna watakaosema kwamba jina la kitafunio halifai katika hati ya serikali. Hatukubaliani nao. Kiswahili kimetaja vitu kwa kufananisha tangu zamani: tuna mguu wa meza, jino la msumeno na sikio la sufuria, na hakuna anayeona haya kuyaandika. Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hutuagiza kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na kukopa mbali pale tu hayo yanaposhindikana. Neno lililokwisha kuundwa na watumiaji wenyewe, na ambalo hueleweka kwa kulisikia, lina haki ya kwanza.

Yafaa hata hivyo kutenganisha mambo matatu. Uso wa tairi ni eneo lote linaloelekea barabarani. Kashata ni vipande vilivyoinuka. Mifereji ni njia zilizoko kati ya kashata, na kazi yake ni kupitisha maji. Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi hupanda juu yake na kuacha kuigusa lami. Usukani huwa mwepesi ghafla na breki hazishiki. Jambo hili twaliita kuelea kwa tairi. Ndani ya mifereji mna vinundu vidogo vya mpira vyenye kimo cha milimita 1.6. Kashata zikichakaa hadi kulingana navyo, tairi limekwisha kazi yake. Vinundu hivyo twaviita alama za kuchakaa.

Kusoma ubavu wa tairi

Tuchukue tairi lililochapwa ubavuni 195/65 R15 91H. Mwalimu aweza kulitumia darasani kama somo zima la vipimo.

Namba 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni uwiano wa ubavu, yaani kimo cha ubavu kikilinganishwa na upana kwa asilimia. Asilimia 65 ya 195 ni kama milimita 127, na hicho ndicho kimo cha mpira kati ya ringi na barabara. R ni radiali. Namba 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Hapa vipimo viwili vya asili mbalimbali, milimita na inchi, vimewekwa katika maandishi mamoja, na mfasiri asijaribu kuvioanisha. Maandishi hayo ni ya kimataifa, na yaachwe kama yalivyo.

Namba 91 ni namba ya mzigo. Yenyewe si kilo, ila huelekeza kwenye jedwali la kimataifa: 88 ni kilo 560, 91 ni kilo 615, 94 ni kilo 670, na 100 ni kilo 800 kwa kila tairi. Gari likibeba watu na magunia kupita jumla hiyo, tairi hupata joto na huweza kupasuka hata likiwa jipya.

Herufi H ni herufi ya mwendo. Huonyesha mwendo wa juu kabisa ambao tairi limethibitishwa kuuhimili likiwa na mzigo wake: S ni kilometa 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240, W ni 270. Msomaji ataona kwamba H haikukaa mahali pake katika mfuatano wa alfabeti. Ofisa anayekataa tairi la H kwa kudhani kuwa H ni ndogo kuliko S amelikataa lililo bora, na jedwali pekee ndilo liwezalo kumwokoa.

Kuna pia kikundi cha tarakimu nne kinachofuata herufi DOT. Tarakimu mbili za kwanza ni wiki, na mbili za mwisho ni mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukikaa ghalani, na jua la Kusini huuharakisha. Watengenezaji kadhaa hushauri tairi lisitumike baada ya kutimiza miaka 10, hata kama kashata zake bado ni ndefu.

Mwisho, matairi mengi huwa na daraja tatu zinazotokana na utaratibu wa Marekani. Ya kwanza ni namba ya kudumu: tairi la 400, kwa hali ya jaribio, hudumu mara mbili ya lile la 200. Ya pili ni daraja la mshiko, AA, A, B au C, ambalo hupimwa kwa kufunga breki juu ya njia iliyolowa. Ya tatu ni daraja la joto, A, B au C. Mtengenezaji ndiye anayejipangia daraja hizi baada ya kupima, kwa hiyo ni salama zaidi kuzitumia kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili.

Jina linalopotosha

Sasa twafika kwenye tairi lililotufanya tuandike makala haya. Ni tairi la gari dogo la barabarani lililoundwa kwa mpira laini, uso mpana, ubavu mfupi na mgumu, na kashata kubwa zilizoshikamana. Katika matangazo ya Kiingereza huitwa kwa neno ambalo wafasiri wamezoea kuligeuza "utendaji", na hivyo tumepata "tairi la utendaji wa juu". Msomaji wa Kiswahili hapati lolote hapo. Utendaji ni neno la ofisini. Mtumishi ndiye anayepimwa utendaji wake. Kwa kuwa "wa juu" husikika kama sifa, hati ya manunuzi hulipenda neno hilo, na aliyeiandika huamini kwamba ameomba kitu kizuri kuliko vyote.

Wengine husema "tairi la mwendokasi". Neno hili lina hasara mbili. Kwanza, tangu mwaka 2016 watu wa Dar es Salaam wamelizoea kuwa jina la mabasi yaendayo haraka, hata tairi la mwendokasi laweza kudhaniwa kuwa tairi la basi. Pili, ambayo ni mbaya zaidi, neno lenyewe linahubiri mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilometa 50 kwa saa penye makazi, na magari makubwa hayaruhusiwi kupita 80 nje ya makazi. Tairi la V lenye uwezo wa kilometa 240 halimpi mtu ruhusa yoyote ya kuongeza mwendo kati ya Mnero na Nachingwea, na kijana aliyefungiwa tairi lenye jina hilo atasikia vingine.

Faida ya hakika ya tairi hili ni kushika lami. Mpira laini hujiumba kufuata vinyweleo vya lami, msuguano huongezeka, na gari husimama kwa umbali mfupi zaidi. Ubavu mgumu hufanya usukani uitike upesi. Kwa hiyo twapendekeza liitwe tairi la mshiko wa lami. Tunafahamu kwamba vijana wa mjini hutumia mshiko kwa maana ya fedha, na kwamba bei ya matairi haya itawafanya wacheke. Maana ya asili ya kushika iko hai na ni pana vya kutosha. Aidha, jina hili lina faida moja ambayo majina mengine hayana: linataja mahali pa kazi yake. Anayesikia "mshiko wa lami" atauliza mwenyewe, "Na pasipo lami, je?"

Jibu ni kwamba pasipo lami sifa zile zile hugeuka kuwa kasoro. Juu ya changarawe iliyolegea tairi haligusi kitu kigumu cha kushika. Hugusa kokoto zinazobingirika, na ulaini wa mpira hausaidii. Katika tope mifereji myembamba huziba mara moja, na tairi huwa kama kipara. Uso mpana huelea juu ya maji mapema kuliko uso mwembamba, mifereji ikiwa sawa. Mpira laini huliwa upesi na mawe. Ubavu mfupi nao hauna nafasi ya kujikunja gurudumu linapoingia shimoni. Linganisha 195/65 R15 na 225/45 R17: kipenyo cha gurudumu zima ni karibu sawa, kama milimita 634, lakini kimo cha ubavu kimeshuka kutoka milimita 127 hadi 101. Milimita 26 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikiilinda ringi. Ringi ikigonga ukingo wa shimo, hupinda, au ubavu hubanwa katikati na nyuzi zake hukatika. Siku chache baadaye hutokea uvimbe ubavuni, na tairi hilo halitengenezeki.

Matairi ya theluji

Kuna upotofu mwingine unaotokana na tafsiri. Matairi mengi yana alama M+S, ambayo herufi zake zinasimama kwa tope na theluji. Mfasiri huandika "tairi la tope", na mnunuzi wa Nachingwea hufurahi. Lakini alama hiyo peke yake huwekwa na mtengenezaji bila jaribio maalumu. Alama iliyopimwa ni picha ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, nayo inahusu theluji tu.

Magari yanayotoka Japani wakati mwingine hufika na matairi yaliyoandikwa STUDLESS. Hayo ni matairi ya majira ya baridi. Mpira wake umekusudiwa kubaki laini joto linapokuwa karibu na sifuri. Kashata zake ni ndefu na zimechanjwa mistari mingi myembamba, hivyo jicho huyaona kuwa mapya na yanayofaa kwa tope. Katika joto la kupita nyuzi 30 mpira huo hulegea kupita kiasi, kashata hujipinda, umbali wa kusimama huongezeka, na tairi huisha upesi. Jina tunalolipendekeza ni tairi la theluji, bila kuongeza tope, ili mnunuzi aonywe na jina lenyewe.

Namna ya kuchagua

Kwanza, soma kibandiko cha gari, ambacho aghalabu kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kipimo, namba ya mzigo na herufi ya mwendo visishuke chini ya vile mtengenezaji wa gari alivyoweka.

Pili, hesabu safari zako kwa siku. Mkazi wa mjini ambaye safari zake karibu zote ni za lami, na ambaye hufunga breki kwenye mvua katikati ya msongamano, ana haki ya kununua tairi la mshiko wa lami, akijua kwamba litaisha mapema. Mkazi wa Mnero mwenye gari dogo afadhali achague tairi la kawaida la barabara lenye uwiano wa ubavu wa 65 au zaidi kadiri gari linavyoruhusu, mifereji mipana, na daraja la mshiko A. Kwa njia hiyo hatakosa mshiko siku ya lami iliyolowa, wala hatapoteza ringi siku nyingine zote. Mwenye gari la juu linalopita udongo mwaka mzima achague tairi la njia zote, lenye kashata zilizoachana na ubavu ulioimarishwa, akikubali kwamba kwenye lami litavuma na litasimama kwa umbali mrefu kidogo.

Tatu, soma tarehe, kagua ubavu, na ulikatae tairi lenye nyufa.

Nne, shika upepo. Katika fizikia tunasema kanieneo, na ni sahihi darasani. Gereji tunasema upepo, na ni sahihi huko. Kibandiko huandika kilopaskali au paundi kwa inchi ya mraba. Paundi 30 ni karibu kilopaskali 207. Kipimo hicho ni cha tairi lililopoa. Upepo huongezeka kama paundi moja kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto, na mtengenezaji amekwisha kulihesabu ongezeko hilo. Desturi ya kupunguza upepo mchana kwa kuogopa tairi kupasuka huleta kile kile kinachoogopwa: ubavu hujikunja zaidi, hupata joto zaidi, na nyuzi huachana na mpira.

Mfano wa hati

Hati ya kwanza yasema: "Matairi manne ya gari dogo, yenye ubora na utendaji wa juu." Mwuzaji akileta chochote, hati haina neno la kumkatalia. Anaweza kuleta matairi ya miaka sita, ya theluji, au ya ubavu mfupi usiofaa, na yote yatapokelewa kihalali.

Hati ya pili yasema: "Matairi radiali manne, mapya, yasiyo na tyubu, ya barabara ya kawaida, kipimo 195/65 R15, namba ya mzigo isiyopungua 91, herufi ya mwendo T, H au V, daraja la mshiko A au AA, yasiwe matairi ya theluji, yawe yametengenezwa katika muda usiozidi miezi 24 kabla ya kupokelewa. Ringi hazihitajiki." Urefu wake ni mistari michache tu, na mtunza ghala aweza kuihakiki kwa kuinama na kusoma.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Alama ya kuchakaa: kinundu ndani ya mfereji kinachoonyesha mwisho wa matumizi ya tairi.
Gurudumu: tairi na ringi vikiwa pamoja.
Herufi ya mwendo: herufi ionyeshayo mwendo wa juu ambao tairi limethibitishwa kuuhimili.
Kashata: vipande vilivyoinuka juu ya uso wa tairi.
Kipara: tairi lililokwisha kashata.
Kuelea: tairi kupanda juu ya maji na kuacha kuigusa barabara.
Mfereji: njia ya maji kati ya kashata.
Mshiko: uwezo wa tairi kushika barabara bila kuteleza.
Namba ya mzigo: namba ielekezayo kwenye jedwali la uzito ambao tairi moja huweza kubeba.
Ringi: sehemu ya chuma au alumini ambayo tairi huvishwa.
Tairi la mshiko wa lami: tairi la mpira laini, uso mpana na ubavu mfupi, kwa ajili ya lami.
Tairi la njia zote: tairi la lami na udongo, lenye kashata zilizoachana.
Tairi la theluji: tairi la mpira ubakiao laini katika baridi.
Tairi mshazari: tairi ambalo nyuzi zake hukatana kwa mshazari.
Tairi radiali: tairi ambalo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo.
Ubavu: upande wa tairi kati ya uso na ringi.
Upepo: kanieneo ya hewa ndani ya tairi.
Uwiano wa ubavu: kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana wa tairi.

Hitimisho

Istilahi hizi hazikutungwa zote mezani. Nyingi zilikwisha kuwapo, na kazi iliyobaki ilikuwa kuzitenga maana. Twawaomba wafasiri waache kuyafuata matangazo neno kwa neno, na badala yake waulize kitu chenyewe kinafanya kazi gani na wapi. Walimu wana mifano tayari nje ya kila shule ambako gari limesimama. Watumishi wanaoandika hati za manunuzi waijaribu orodha hii katika hati ijayo, na watuarifu ni neno lipi lilikataliwa na mafundi, na ni lipi walilolitumia wao badala yake. Neno la fundi likionekana kuwa wazi zaidi kuliko letu, lipewe nafasi katika orodha.